Bei na nyongeza katika matoleo ya video ya tamthilia za zamani za televisheni: mfano wa Doctor Who

1. Utangulizi

Mtu anunuapo kitabu kipya cha hadithi, hununua kitu ambacho hajapata kukisoma. Mnunuzi wa tamthilia ya zamani ya televisheni yu katika hali nyingine. Anatoa fedha kwa ajili ya mchezo uliokwisha kurushwa hewani, ambao pengine aliutazama utotoni, na ambao huko Uingereza jamaa yake waliulipia kwa ada ya televisheni inayotozwa kila mwaka. Yafaa basi kuuliza: mnunuzi huyo hasa ananunua nini?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kufuata historia ya tamthilia moja ya Kiingereza, Doctor Who, ambayo shirika la BBC lilianza kuionyesha tarehe 23 Novemba 1963, likaisimamisha mwaka 1989, kisha likaifufua mwaka 2005. Mifano michache ya Marekani itaongezwa pale inapotoa mwanga zaidi. Maoni yanayotetewa ni kwamba bei na nyongeza si mambo ya biashara peke yake. Ndiyo yanayoamua ni matini ipi itakayobaki, itabaki katika umbo gani, na nani ataweza kuisoma. Kwa wanafunzi wa isimu na fasihi, ambao kazi yao yote huanzia kwenye matini iliyothibitishwa, suala hili linawahusu kwa karibu.

Kabla ya kuendelea, istilahi nne zifafanuliwe. "Sehemu" ni onyesho la siku moja. Katika Doctor Who lilichukua dakika 25 hivi. "Kisa" ni hadithi kamili, ambayo mara nyingi ilikuwa na sehemu 4 au 6. "Msimu" ni mfuatano wa visa vilivyoonyeshwa pamoja, kwa kawaida katika mwaka mmoja. "Nyongeza" ni kila kitu kilichomo katika kaseti au diski ambacho si tamthilia yenyewe: mahojiano, maelezo ya sauti, picha, maandishi na mengineyo.

2. Wakati ambapo matini haikuwa na bei

Katika miaka ya 1960, BBC ilirekodi michezo yake ya studio juu ya kanda za sumaku zenye upana wa inchi 2. Kanda hizo zilikuwa ghali, lakini zilikuwa na sifa moja iliyowapendeza watunza hazina: ziliweza kufutwa na kutumiwa tena. Mikataba iliyofungwa na wachezaji iliwekea mipaka idadi ya marudio. Zaidi ya hayo, televisheni ya rangi ilipoingia Uingereza mwaka 1967, michezo ya rangi nyeusi na nyeupe ilipungua thamani machoni pa vituo vilivyoinunua. Wala hapakuwa na chombo ambacho kingemwezesha raia wa kawaida kutazama nyumbani kwake mchezo wa miaka iliyopita.

Kwa sababu hizo, kanda za Doctor Who zilifutwa kuanzia mwaka 1967. Kabla ya kufutwa, nyingi zilikuwa zimenakiliwa juu ya filamu za milimita 16 ili ziuzwe kwa vituo vya nchi za nje. Filamu hizo nazo, muda wa mauzo ulipokwisha, zilitupwa au kuharibiwa hadi mwaka 1978. Misimu 6 ya kwanza ilikuwa na sehemu 253. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2013, sehemu 97 kati ya hizo hazikuwamo katika hifadhi.

Ni kosa kudhani kwamba waliofuta walifanya hivyo kwa kuidharau sanaa. Walikuwa wakitunza mali ya shirika kwa kufuata hesabu ya siku zao. Kanda tupu ilikuwa na bei inayojulikana. Mchezo uliorekodiwa juu yake haukuwa na bei yoyote. Katika mizani ya namna hiyo, mchezo hauna budi kushindwa.

Yaliyookoka yaliokoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni sauti: baadhi ya watazamaji waliweka vinasa sauti karibu na televisheni zao, na kwa juhudi za watu hao sauti ya kila sehemu iliyopotea ingalipo. Njia ya pili ni zile filamu zilizosafiri. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba filamu za sehemu 9 zilizodhaniwa kupotea zilikuwa zimegunduliwa mjini Jos, nchini Nigeria. Zilikuwa za visa viwili vya mwaka 1967 na 1968, The Enemy of the World na The Web of Fear. Nakala iliyouzwa Afrika kama bidhaa ya kawaida ikawa ndiyo asili pekee, baada ya asili kufutwa London.

3. Bei ya kaseti na bei ya diski

Kaseti ya kwanza ya Doctor Who ilitolewa na BBC mnamo Oktoba 1983. Kisa kilichochaguliwa kilikuwa Revenge of the Cybermen, kilichoonyeshwa kwanza mwaka 1975 katika sehemu 4. Bei yake ilikuwa pauni 39.95, yaani karibu pauni 10 kwa kila sehemu ya dakika 25. Leo bei hiyo huonekana ya ajabu, lakini ilikuwa na mantiki yake. Katika siku zile wanunuzi wakuu wa kaseti walikuwa maduka ya kukodisha. Duka lilinunua kaseti mara moja, likaikodisha mara nyingi, na mtoaji hakupata chochote zaidi. Kwa hiyo alijaribu kupata faida yake yote katika mauzo yale ya kwanza.

Bei hiyo ya ukodishaji iliathiri matini yenyewe. Mtu aliyekodi kaseti kwa usiku mmoja alitazamiwa kutaka filamu moja iendeleayo, si sehemu 4 zenye mwanzo na mwisho wake. Hivyo sehemu ziliunganishwa, na miisho yenye taharuki, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sanaa ya mfululizo, ikaondolewa. Mwaka 1984 kisa cha The Brain of Morbius kilipunguzwa hadi kufikia kama saa moja, ingawa kilipoonyeshwa mwaka 1976 kilikuwa na sehemu 4. Aliyeinunua kaseti hiyo alipata muhtasari uliovishwa jina la kisa kizima. Kisa chenyewe hakikutolewa kikamilifu katika kaseti hadi mwaka 1990.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 hali iligeuka. Vinasa video vilikuwa vimeenea majumbani, na watoaji waligundua kwamba kaseti ya bei nafuu huuzwa kwa watu wengi wanaotaka kuiweka kabatini. Bei ya kaseti ikashuka hadi kukaribia pauni 10, na pamoja nayo yakarudi matoleo kamili yenye kufuata mgawanyo wa sehemu. Kukodi ni kutazama mara moja, na kwa kutazama mara moja muhtasari hutosha. Kumiliki ni kurudi tena na tena, na anayerudi huyaona mapengo. Bei iliposhuka, basi, ubora wa matini ulipanda.

Kanuni hiyo, hata hivyo, haifanyi kazi kila mahali. Nchini Marekani, tamthilia ya Star Trek ya miaka 1966 hadi 1969 ilitolewa katika DVD kuanzia mwaka 1999 kwa diski 40 zilizouzwa moja moja, karibu zote zikiwa na sehemu mbili mbili. Kwa bei ya orodha ya dola 20 hivi kwa kila diski, mwenye kutaka zote alihitaji kama dola 800. Mwaka 2004 tamthilia hiyohiyo ikatolewa tena kwa masanduku matatu ya misimu, yenye nyongeza nyingi kuliko diski za kwanza, kwa gharama ya karibu nusu. Waliokuwa wepesi wa kununua ndio waliolipa zaidi na kupata kidogo zaidi.

Katikati ya matoleo hayo mawili, mwaka 2000, msimu wa kwanza wa The X-Files ulitolewa mzima katika sanduku la diski 7. Bei yake ya orodha ilikaribia dola 150 kwa sehemu 24, yaani kama dola 6 kwa sehemu moja. Toleo hilo lilithibitisha kwamba wapo watu walio tayari kununua msimu mzima kwa mkupuo, na tangu hapo msimu ukawa kipimo cha kawaida cha biashara hii.

4. Nyongeza kama uhakiki wa matini

Msomi wa fasihi ya Kiswahili anajua kazi inayotakiwa ili utenzi wa kale uliohifadhiwa kwa hati za Kiarabu usomwe na watu wa leo. Hapana budi miswada ilinganishwe, tofauti zitajwe, maneno magumu yafafanuliwe, na mazingira ya mtunzi yaelezwe. Utenzi usiofanyiwa kazi hiyo unaweza kuwapo bila kusomeka. Nyongeza zilizo bora katika diski za tamthilia za zamani hufanya kazi iyo hiyo, na zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni ukarabati wa matini. Mafundi waliohudumia matoleo ya Doctor Who walisafisha mikwaruzo na kusawazisha sauti. Kwa zile sehemu zilizobaki kama filamu tu, walitumia kompyuta kurudisha ulaini wa mwendo uliokuwamo katika kanda ya awali, kwa maana video ya Kiingereza ilionyesha nusu-picha 50 kwa sekunde, hali filamu iliyonakiliwa ilibakiza picha 25. Kisa cha The Dæmons cha mwaka 1971 ni mfano maarufu zaidi. Sehemu zake nyingi zilikuwa zimebaki katika filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka 1992 rangi ilichukuliwa kutoka kwenye kaseti hafifu iliyorekodiwa nyumbani huko Marekani, ikatandazwa juu ya picha safi ya filamu. Nakala mbili zenye kasoro, kila moja kwa namna yake, zilizaa matini moja nzuri. Mhakiki wa miswada ataitambua mbinu hiyo mara moja.

Kundi la pili ni matini mbadala. Sanduku liitwalo The Beginning, lililotolewa mwaka 2006, lina visa vitatu vya kwanza pamoja na sehemu ya majaribio ya mwaka 1963, ambayo ilirekodiwa, ikakataliwa, ikatengenezwa upya kabla ya kuonyeshwa. Mwenye kuziweka sambamba sehemu hizo mbili huona jinsi lugha ya mhusika mkuu ilivyopunguzwa ukali. Sanduku hilo lina pia ufupisho wa kisa kilichopotea, Marco Polo, uliotengenezwa kwa picha tuli na sauti zilizorekodiwa na watazamaji.

Kundi la tatu ni ushahidi wa watendaji. Katika maelezo ya sauti, waliotengeneza tamthilia huitazama tena na kuzungumza juu ya kila tukio. Verity Lambert, mtayarishaji wa kwanza wa Doctor Who, alitoa maelezo yake katika sanduku hilo la mwaka 2006. Alifariki Novemba 2007. Lau toleo lingecheleweshwa miaka miwili, ushahidi huo usingekuwapo.

Kundi la nne ni sherehe za maandishi, yaani maelezo yanayopita chini ya picha wakati kisa kinaendelea. Humo mna tarehe za kurekodi, maneno yaliyokatwa katika mswada wa mwandishi, na asili ya majina. Kazi hii haina mvuto wa matangazo. Hata hivyo, kwa mtafiti huenda ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Hapa jibu la swali la mwanzo huanza kujitokeza. Sehemu ya dakika 25 ilikwisha kulipiwa zamani. Kinacholipiwa sasa ni saa nyingi za kazi ya mafundi, wahoji na waandishi wa sherehe. Fedha hizo zisipotoka kwa mnunuzi, kwa kawaida hazitoki popote.

5. Tatizo la kununua mara mbili

Maelezo hayo yasitufanye tuufumbie macho upande wa pili. Nyongeza ikiwa na thamani, muuzaji huweza pia kuifanya chambo. Kisa cha The Enemy of the World, baada ya kugunduliwa huko Nigeria, kilitolewa katika DVD mnamo Novemba 2013, wiki chache tu baada ya tangazo, kikiwa takriban hakina nyongeza yoyote. Mwaka 2018 kikatolewa tena katika toleo maalumu lenye maelezo ya sauti na mahojiano. Vivyo hivyo, kati ya mwaka 2010 na 2012 yalitoka masanduku matatu yaitwayo Revisitations, yenye visa vilivyokwisha kuuzwa katika DVD, sasa vikiwa na picha iliyoboreshwa na nyongeza mpya. Kuanzia mwaka 2018 misimu mizima ilianza kutolewa katika Blu-ray. Mtu aliyekifuata kisa kimoja tangu kaseti anaweza kuwa amekilipia mara nne.

Je, huo ni unyonyaji? Jibu la haki lina pande mbili. Kwa upande mmoja, mbinu za ukarabati zilikua kweli. Kilichowezekana mwaka 2010 hakikuwezekana mwaka 2000. Vitabu navyo hutolewa upya kila utafiti unapoongezeka. Kwa upande mwingine, msomaji wa kitabu anaweza kukuta toleo jipya katika maktaba, lakini masanduku haya yalitengenezwa kwa ajili ya kabati la mtu binafsi. Matoleo ya Blu-ray yalichapwa kwa idadi yenye kikomo. Yalipokwisha dukani, wachuuzi waliyauza kwa bei ya juu kuliko ile ya awali, hadi yalipochapwa tena katika vifuko vya kawaida. Sherehe iliyoandikwa kwa ajili ya kila mtafiti ikawa mali ya aliyewahi foleni.

6. Haki za wenye mali na umbo la matini

Bei haitokani na kazi ya mafundi peke yake. Hutokana pia na haki za watunzi, hasa wa nyimbo. Tamthilia ya Marekani WKRP in Cincinnati, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 1978 na 1982, ilihusu kituo cha redio, na nyimbo mashuhuri za siku zile zilipigwa ndani yake. Ruhusa zilizolipiwa wakati huo zilihusu utangazaji, maana soko la video lilikuwa bado halijakua. Msimu wa kwanza ulipotolewa katika DVD mwaka 2007, nyimbo nyingi zilikuwa zimebadilishwa kwa muziki wa bei nafuu, na baadhi ya maongezi yaliyozitaja yakavurugika. Mwaka 2014 kampuni nyingine, Shout! Factory, ilitoa tamthilia nzima ikiwa imerudishiwa sehemu kubwa ya nyimbo zake. Tofauti baina ya matoleo hayo mawili ni tofauti ya matini, na chanzo chake ni bei ya ruhusa.

Suala la haki linaonyesha pia kwa nini diski bado ina maana katika zama za kutazama kwa njia ya intaneti. Mnamo Novemba 2023, katika kuadhimisha miaka 60 ya Doctor Who, BBC iliweka visa vilivyopo kwenye huduma yake ya intaneti. Kisa cha kwanza kabisa, An Unearthly Child, hakikuwamo, kwa sababu makubaliano na mrithi wa mwandishi wake hayakupatikana. Tamthilia ilianza kwa kisa cha pili. Wenye sanduku la mwaka 2006 waliendelea kukitazama cha kwanza. Huduma ya mbali humwazima mtazamaji mchezo kwa muda. Diski humkabidhi nakala, na nakala iliyokabidhiwa hairudishwi ghalani kwa amri.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mchezo usiokuwa na bei ulifutwa; kwamba bei ya ukodishaji ilizaa matini iliyokatwakatwa; kwamba bei ya umilikaji ilirudisha matini kamili; na kwamba nyongeza, zikifanywa vyema, ni uhakiki wa matini kwa maana kamili ya neno hilo. Imeonyeshwa pia kwamba soko lililookoa kazi hizo huwafungia mlango wasio na fedha. Mambo hayo mawili ni ya kweli kwa pamoja.

Kwa wenye kushughulikia Kiswahili, mfano ulio karibu haukosekani. Kitabu cha Johannes Fabian, Power and Performance, kilichotolewa mwaka 1990, kiliweka katika maandishi mchezo wa kundi la Mufwankolo la Lubumbashi ulioandaliwa mwaka 1986. Hakikuishia kwenye mchezo uliokamilika. Mazungumzo ya waigizaji walipokuwa wakiupanga na kuujaribu mchezo huo yalinakiliwa pia, kwa Kiswahili chao wenyewe, yakafuatiwa na ufafanuzi. Kwa istilahi za makala haya, kitabu hicho ni kisa pamoja na nyongeza zake, na nyongeza ndizo zinazomwezesha msomaji kuelewa jinsi maneno ya kisa yalivyopatikana. Kazi hiyo haikungoja mchezo upate bei sokoni.

Watazamaji wa Uingereza walioweka vinasa sauti mbele ya televisheni katika miaka ya 1960 nao hawakungoja. Hawakuwa na ruhusa ya kampuni wala mpango wa kuuza. Walikuwa na kanda, tarehe na jina la kisa lililoandikwa juu ya kasha. Miaka 40 baadaye, mafundi wenye kompyuta walilazimika kuanzia kwenye kanda zile. Mwanafunzi anayerekodi mchezo wa Kiswahili jukwaani, redioni au kwenye televisheni, akaandika siku, mahali, majina ya waigizaji na maana ya maneno yasiyomo kamusini, anatengeneza leo zile nyongeza ambazo kesho hakuna bei itakayoweza kuzinunua.